Ubaguzi wa Rangi, Afya ya Akili na Tiba: Usuli wa Kusoma "Damu Nyeusi"

Swali la insha kuhusu ubaguzi wa rangi likitokea katika Karatasi ya Tatu, watahiniwa wengi huanza vizuri. Hutaja nani alimbagua nani, wapi na kwa namna gani. Wakifika kwenye athari, wino hukauka. "Ubaguzi ulimfanya mhusika ahuzunike." Hoja inayofuata: "Ubaguzi ulimfanya mhusika akose raha." Mtahini husoma hoja hizo mbili, huona ni moja iliyobadilishwa nguo, na hutuza mara moja tu.

Neno "kuhuzunika" si kosa, ila halielezi lolote. Mtu huhuzunika timu yake ikifungwa, na kesho yake amesahau. Ubaguzi wa rangi hufanya kazi nyingine kabisa ndani ya nafsi ya mtu, na kazi hiyo ina hatua zinazoweza kufuatwa katika matini ukijua cha kutafuta. Katika sehemu hii ya mwongozo tutaondoka kidogo kitabuni. Tutapita Marekani, tupitie Mathari hapa Nairobi, twende Algeria, kisha turudi kwa Fikirini.

Hadithi yenyewe kwa ufupi

"Damu Nyeusi" ni hadithi ya Ken Walibora iliyoupa jina mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, aliouhariri pamoja na Said A. Mohamed. Mhusika mkuu, Fikirini, ni Mwafrika anayesoma Marekani. Wazungu wanambagua kwa sababu ya rangi yake. Anatumaini kupata utu kwa Wamarekani weusi, ambao kwake ni watu wa damu moja naye. Kisha Fiona, Mmarekani mweusi anayemkaribisha, anakuwa mlango wa dhuluma nyingine. Sitakupa muhtasari mrefu kuliko huo. Kitabu unacho, kisome. Walibora mwenyewe alisoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, lakini usiandike kwamba Fikirini ndiye Walibora. Swali likiuliza kuhusu mhusika, wasifu wa mwandishi hauna alama.

Ngazi tatu za ubaguzi

Mwaka 2000, daktari Mmarekani mweusi aitwaye Camara Jones alichapisha makala fupi iliyoeleza kwamba ubaguzi wa rangi hufanya kazi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya mfumo: sheria, shule, hospitali, kazi na makazi vinapopangwa kwa namna inayowapa watu wa rangi moja nafasi na kuwanyima wengine. Hapa huhitaji kumwona mbaguzi akitukana. Kenya ya kikoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Mwalimu mpole katika shule ya Wazungu alikuwa bado ndani ya mfumo huo.

Ngazi ya pili ni ya mtu kwa mtu, na hii ndiyo watahiniwa huiona haraka: tusi, dharau, kushukiwa, kupuuzwa. Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi hapa. Ni ubaguzi uliomezwa. Mtu aliyebaguliwa huanza kuyaamini yale yanayosemwa kumhusu. Hujiona duni, huona aibu kwa lugha yake, nywele zake, kijiji chake, au huwadharau wenzake wa rangi yake kwa maneno yale yale aliyotukanwa nayo.

Ukisoma hadithi, jiulize kila tukio liko ngazi gani. Utashangaa jinsi hoja zinavyoongezeka. Askari anayemshuku mtu mweusi ni tukio la mtu kwa mtu, lakini sare aliyovaa ni ya mfumo. Mtu mweusi anayemdhulumu mtu mweusi mwenzake huenda ni mwizi tu. Huenda pia amekulia mahali palipomfundisha kwamba mwenzake hana thamani. Matini ndiyo itakayokuamulia, si hisia zako.

Kinachotokea akilini

Chukua mfano wa kawaida. Mtu mweusi ameingia katika basi katika mji wa Wazungu. Ameketi. Basi linajaa, watu wanasimama, na kiti kilicho kando yake kinabaki kitupu. Hakuna aliyemtukana. Hakuna cha kushtakiwa mahakamani. Lakini kichwani mwake swali limeanza: ni mimi, au ni rangi yangu? Je, nanuka? Au wanapenda tu kusimama?

Swali hilo ndilo mzizi wa mateso mengi, kwa sababu halina jibu. Mtu aliyepigwa kofi anajua amepigwa. Mtu ambaye hajui kama amedharauliwa hulirudia tukio usiku kucha, akilichambua kama wewe unavyolichambua dondoo. Likitokea kesho tena, na kesho kutwa, akili hujifunza kukaa chonjo. Kabla ya kuingia dukani anajiandaa kwa jicho la mlinzi. Kabla ya kunyosha mkono darasani anapima kama atapuuzwa. Mwili nao haupumziki: moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika, shinikizo la damu linapanda, hasira inakaa karibu na ngozi. Hali hii ikidumu huweza kuzaa wasiwasi wa kudumu, sonona, ulevi, au mtu kujitenga na watu wote, hata wale wanaomtakia mema.

Mwaka 2015, mtafiti Yin Paradies wa Australia na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 293 zilizochapishwa kuanzia mwaka 1983, nyingi zikiwa za Marekani. Waliona kwamba kukumbana na ubaguzi wa rangi kunaandamana na afya mbaya, na kwamba uhusiano huo una nguvu zaidi upande wa akili kuliko upande wa mwili. Kwa hivyo ukiandika kwamba ubaguzi uliyumbisha akili ya mhusika hutii chumvi. Unasema jambo lililochunguzwa.

Kuna pia tukio ambalo Frantz Fanon alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu ngozi nyeusi na vinyago vyeupe. Fanon alizaliwa mwaka 1925 katika kisiwa cha Martinique, kilichotawaliwa na Ufaransa. Shuleni alifundishwa kwamba yeye ni Mfaransa, na akapigana upande wa Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye alisomea udaktari katika mji wa Lyon. Anasimulia jinsi mtoto mdogo wa Kizungu alivyomwona ndani ya treni na kumwambia mamake kwamba anaogopa. Mtoto hakuwa na chuki. Hakuwa hata na umri wa kuwa na chuki. Lakini kwa neno lake Fanon alijiona, kwa mara moja, kwa macho ya mwingine. Hakuwa tena daktari, msomi au askari aliyepigania nchi ile, bali rangi inayotisha. Akaanza kuutazama mwili wake kana kwamba si wake. Soma tena mahali ambapo Fikirini anatazamwa, na uangalie ni wapi msimulizi anatuingiza kichwani mwake. Hapo ndipo ushahidi ulipo.

Watoto na wanasesere

Ubaguzi humezwa mapema. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia wawili Wamarekani weusi waliokuwa mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, waliwachunguza watoto weusi 253 wa umri wa miaka 3 hadi 7. Waliwaonyesha wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: nipe mwanasesere mzuri; nipe yule unayependa kucheza naye; nipe anayeonekana mbaya. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya. Kisha likaja swali la mwisho: nipe anayefanana nawe. Baadhi ya watoto walilia, wengine wakakimbia nje ya chumba.

Kilio hicho kinaeleza ubaguzi uliomezwa kuliko fasili yoyote. Mtoto amekwisha kusema kwamba yule mweusi ni mbaya, na sasa anatakiwa amnyoshee kidole na kusema "huyu ni mimi." Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi ulioihusu kesi maarufu ya Brown, ambapo tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule za umma kwa rangi kunavunja katiba.

Wakati majeruhi anapoitwa mgonjwa

Sasa tufike kwenye kosa linaloniudhi zaidi ninaposahihisha. Mtahiniwa anaandika: "Mhusika ni mwenye akili dhaifu kwa sababu anashuku kila mtu." Jeraha limegeuzwa kuwa sifa ya aliyejeruhiwa! Wanafunzi hawakulianzisha kosa hili. Wataalamu wenye shahada walitangulia.

Mwaka 1851, daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba watumwa waliotoroka mabwana wao walikuwa na ugonjwa wa akili. Akaupa ugonjwa huo jina la kitaalamu lenye mzizi wa Kigiriki. Kutamani uhuru, kwake, kulikuwa dalili. Dawa aliyoipendekeza ilijumuisha viboko.

Usidhani jambo hilo lilikuwa mbali nasi. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliodhaniwa kuwa wendawazimu, na wodi zake za kikoloni zilitenganishwa kwa rangi. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari Mzungu aitwaye J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo, hata akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Wapiganaji waliodai ardhi na uhuru walielezwa kama watu waliochanganyikiwa kati ya mila za kale na maisha mapya. Ukishamwita anayelalamika mgonjwa, huhitaji tena kusikiliza malalamiko yake. Fanon aliisoma kazi ya Carothers na kuipinga kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, kuhusu waliolaaniwa wa dunia.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu linaathiri jinsi unavyotaja sifa za mhusika. Andika: "Fikirini ni mwenye tahadhari kwa sababu amebaguliwa mara kwa mara," kisha utoe tukio. Usiandike kwamba ana akili dhaifu. Chanzo kikae katika sentensi moja na athari.

Tiba inaweza nini?

Hapa ndipo Fanon anatufaa tena. Mwezi wa Novemba 1953 aliajiriwa kuwa daktari katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida, Algeria, nchi iliyokuwa chini ya Ufaransa. Wagonjwa walitengwa: Wazungu huku, Waislamu wenyeji kule. Madaktari waliomtangulia nchini humo, wakiongozwa na Antoine Porot, walikuwa wamefundisha kwamba mwenyeji wa Algeria amezaliwa akiwa mvivu, mwongo na mkali. Fanon alipewa wodi ya wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu.

Alianza na mambo mapya aliyojifunza Ufaransa: mikutano ya wagonjwa na wahudumu, gazeti la wodi, sinema, muziki, kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vizuri. Waliokuwa kimya walianza kuzungumza. Kwa wanaume Waislamu yalishindikana kabisa. Hawakuja mikutanoni. Waliopewa kazi za kufuma waliziacha. Daktari mwenye dharau angesema: mnaona, hawa hawatibiki. Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay walijiuliza swali tofauti: je, ni sisi tuliokosea? Wakagundua kwamba walikuwa wamewaletea watu hao maisha ya Kifaransa na kuyaita tiba. Fanon hakujua Kiarabu. Alizungumza na wagonjwa kupitia mkalimani, na katika nchi ile mkalimani wa Mfaransa alimkumbusha mtu polisi na mahakama.

Wakabadilisha. Walifungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, mahali ambapo wanaume wangeketi na kunywa kahawa kama walivyozoea nyumbani. Sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa. Kukawa na uwanja wa mpira. Na, wewe msomi wa fasihi simulizi ulitie moyoni hili, wakamwalika mtambaji wa hadithi aje awasimulie wagonjwa. Watu waliokuwa wamekaa kama magogo wakaanza kushiriki. Kumbe utambaji ulioukariri kama kipera una nafasi hata hospitalini.

Tunajifunza nini kuhusu tiba ya aliyebaguliwa? Kwamba inaanza kwa kumsikiliza kwa lugha na desturi anazozielewa, na kumsadiki anaposema ameumizwa. Mshauri nasaha anayemwambia "labda hawakukusudia" kabla ya kusikia lolote anamrudisha kwenye lile swali la basini: ni mimi, au ni rangi yangu? Mshauri mzuri humsaidia mtu kulitaja tukio kwa jina lake, kulitenganisha na thamani yake, na kuzitazama fikra zilizomezwa kama kitu kilichotoka nje. Humsaidia pia kupata usingizi, kupunguza ulevi na kurejea kwa watu. Hayo si madogo.

Lakini tiba ina mpaka, na Fanon aliufikia. Vita vya ukombozi vya Algeria vilianza Novemba 1954. Wodini walianza kuja waliotengenezwa vilema wa nafsi na mateso ya polisi. Wakaja pia polisi waliotesa. Mmoja wao, ofisa Mzungu, alikuwa akimpiga mkewe na watoto wake nyumbani. Alimwomba daktari amsaidie aendelee na kazi ya kutesa watu bila kusumbuliwa na dhamiri. Fikiria ombi hilo! Mwaka 1956 Fanon aliandika barua ya kujiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya daktari wa akili ni kumfanya mtu asiwe mgeni katika mazingira yake, na haiwezekani kufanya kazi hiyo katika nchi ambamo mwenyeji amefanywa mgeni kwa sheria. Mwanzoni mwa 1957 alifukuzwa Algeria, akahamia Tunisia na kuendelea na kazi ya udaktari na ya ukombozi. Alifariki Desemba 1961 akiwa na miaka 36, kwa saratani ya damu.

Usimalize sehemu hii ukidhani tiba haina maana hadi mfumo ubadilike. Mwaka 1946 zilifunguliwa kliniki mbili katika mtaa wa Harlem, New York, ambako Wamarekani weusi hawakuwa na pa kwenda. Moja ilianzishwa na akina Clark tuliowataja, kwa ajili ya watoto. Nyingine, Kliniki ya Lafargue, ilikaa katika chumba cha chini cha kanisa. Ilianzishwa na daktari Fredric Wertham akisaidiwa na mwandishi wa riwaya Richard Wright. Aliyeweza alilipa senti 25; asiyeweza alitibiwa bure. Madaktari hao walitibu watoto jioni, na walipohitajika walikwenda mahakamani kueleza jinsi shule za kibaguzi zilivyowaumiza watoto hao hao. Walifunga kidonda, na walimtaja aliyeshika kisu.

Turudi kwa Fikirini

Tukiwa na hayo yote, Fikirini anaonekana vingine. Yuko ugenini, mbali na jamaa, na hana mtu wa kumwambia yaliyomkuta akaeleweka bila kueleza sana. Hana mkahawa wa Blida. Anachobaki nacho ni fikra moja ya kumfariji: kwamba wapo watu wa damu nyeusi kama yeye, na hao watamfaa.

Iangalie fikra hiyo kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo hadithi inapozidi somo la kawaida la "ubaguzi ni mbaya." Wabaguzi wanamhukumu kwa rangi. Naye, akitafuta kimbilio, anawapima watu kwa rangi pia. Anamwamini Fiona kwa kuwa ni mweusi, kabla ya kumjua kama mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo athari kuu ya ubaguzi katika hadithi nzima, na ni wachache wanaoiandika. Ubaguzi haukumtia huzuni tu. Umeharibu uwezo wake wa kupima watu. Umemjengea njaa ya udugu, na mwenye njaa hachunguzi chakula.

Ndiyo maana dhuluma ya Fiona ina uzito wa pekee. Alipobaguliwa na Mzungu, Fikirini alibaki na mahali pa kukimbilia moyoni. Alipodhulumiwa na mweusi mwenzake, mahali hapo palibomoka. Na hapo anwani inageuka kinaya: damu aliyoitegemea kumwokoa ndiyo iliyompoteza. Ukilinganisha na methali "Damu nzito kuliko maji," utaona mwandishi anaihoji.

Wapo wanaoisoma hadithi hii na kuhitimisha kwamba Wamarekani weusi ni wabaya kuliko Wazungu. Huo ni ubaguzi mwingine. Fiona na wenzake ni wahusika wachache, na jamii yao imeishi ndani ya mfumo ule ule kwa karne nyingi. Sema walichotenda, usilaani rangi.

Jinsi ya kuandika hoja

Tuseme swali ni hili: "Ubaguzi wa rangi huathiri nafsi kuliko mwili. Thibitisha kwa kurejelea hadithi ya 'Damu Nyeusi.' (alama 20)." Hoja moja iliyokamilika ingesomeka hivi:

"Ubaguzi unamfanya Fikirini atafute usalama katika rangi. Baada ya kudharauliwa na Wazungu nchini Marekani, anajenga imani kwamba Wamarekani weusi, kwa kuwa ni watu wa damu moja naye, hawawezi kumdhuru. Imani hii inamfanya akubali ukaribisho wa Fiona bila tahadhari, na matokeo yake anadhulumiwa. Hivyo, madhara ya ubaguzi yanaendelea hata mahali ambapo mbaguzi hayupo."

Angalia muundo wake: athari imetajwa kwanza, kisha chanzo, kisha tukio la kitabuni, kisha linalothibitishwa. Mtahini hakulazimika kukisia. Ongeza maelezo mahususi ya tukio kutoka katika nakala yako, maana sikuyaweka makusudi. Ukiwa na hoja kama hiyo kwa kila alama mbili, utavuka vizuri. Usiijaze insha kwa majina ya Fanon na Carothers. Hao ni wa kukunoa macho, na mwongozo wa kusahihisha unatuza yaliyo hadithini. Ukiulizwa dondoo, muktadha kwanza: nani anasema, kwa nani, wapi, kwa nini.

Neno moja nje ya mtihani. Wako wanafunzi wanaosoma hadithi hii na kujiona ndani yake: aliyedhihakiwa kwa weusi wake, kwa nywele zake, kwa lafudhi, kwa asili ya wazazi wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila na asili. Kama limekuondolea usingizi, mwendee mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, au piga simu 116, ambayo ni ya bure kwa watoto nchini.

Maswali ya kujipima

1. Bainisha tukio moja la ubaguzi wa kimfumo na moja la mtu kwa mtu katika "Damu Nyeusi," na ueleze jinsi kila moja linavyoathiri mawazo ya Fikirini. (alama 8)

2. Jadili ufaafu wa anwani "Damu Nyeusi" ukizingatia kinaya. (alama 10)

3. Tuseme Fikirini amekuja kwako, wewe ukiwa mshauri nasaha, siku moja baada ya kudhulumiwa. Ukirejelea hadithi, eleza ni tukio gani ungemwomba alisimulie kwanza, na kwa nini. (alama 6)